Chungu cha Bonsai: Kigeuze Kabla Hujalipa

Chungu cha bonsai, mti unaodumazwa chunguni, huuzwa kwa rangi yake, lakini ubora wake uko chini, mahali ambapo muuzaji hakuonyeshi. Kigeuze. Tazama matundu, miguu, na sehemu isiyopakwa glezi, ile ngozi ya kioo inayoyeyushiwa juu ya udongo. Hapo ndipo utakapoona kama udongo wenyewe umeiva.

Kama mti wako bado una shina la unene wa kidole, usinunue chungu. Kwenye chungu chenye kina kifupi mizizi hubanwa na shina haliongezeki. Uache kwenye beseni la plastiki lililotobolewa matundu mengi chini na ubavuni, mpaka shina lifikie unene unaoutaka. Mti ukishakuwa tayari, chukua urefu wa chungu kuwa theluthi mbili ya urefu wa mti, au theluthi mbili ya upana wa matawi kama mti ni mpana kuliko mrefu. Kina kiwe sawa na unene wa shina pale linapoingia ardhini. Kwa joto la Pwani ongeza hadi mara moja na nusu, kwa sababu mkwaju au mkuyu kwenye kina cha sentimita 3 hukaukiwa kabla jua halijashuka.

Kabla ya kufungua pochi, gonga ukingo kwa kifundo cha kidole. Kilichochomwa kwa moto mkali hulia kama kengele. Cha moto mdogo hutoa sauti nzito inayokatika. Chenye ufa uliojificha hukwaruza. Kipimo cha uhakika zaidi ni maji. Pima uzito wa chungu kikiwa kikavu, kizamishe saa 24, kifute, pima tena. Kikitoka gramu 1,500 hadi 1,530, kimekunywa asilimia 2, na hicho kimeiva. Kikifika 1,650, kimekunywa asilimia 10: ni cha moto mdogo, hata king'ae vipi.

Kwa mti uliokwisha kuumbwa, nafasi ya kwanza tunaipa chungu cha mkono kinachoagizwa kwa mfinyanzi mwenye tanuri la gesi au umeme linalofika nyuzi 1,220 hadi 1,280. Joto hilo huuyeyusha udongo kiasi cha kuziba vinyweleo vyake, ukawa kama jiwe. Lakini sababu kubwa ni kwamba unapata kipimo cha mti wako, si kipimo cha duka. Wafinyanzi wengi wamezoea vikombe na sahani, kwa hiyo agizo lako liwe la nambari. Udongo husinyaa kuanzia kukauka hadi kuchomwa, mara nyingi asilimia 10 hadi 13. Ukitaka sentimita 30 na udongo wake unasinyaa asilimia 12, chungu kibichi lazima kiwe na sentimita 34. Kuta ziwe milimita 6 hadi 8, sakafu kama 10. Omba matundu mawili ya kutolea maji, yenye kipenyo cha sentimita 2 hadi 2.5, na manne madogo ya milimita 5 ya kupitishia waya wa kufungia mti. Miguu iwe na kimo cha sentimita moja au zaidi kidogo. Udongo uwahi ungali maji: matundu yakisahauliwa, kuyatoboa baada ya kuchomwa kunahitaji keekee ya almasi, na bado sakafu inaweza kupasuka.

Chungu cha mstatili hujengwa kwa vipande bapa, na hapa ndipo mengi huharibika. Vipande vikiunganishwa vikiwa na unyevu tofauti, au bila kuchanjwa na kupakwa uji wa udongo, pembe hufunguka tanurini. Kikikaushwa haraka upande mmoja, sakafu huinuka katikati. Kinatakiwa kufunikwa plastiki na kukauka taratibu kwa wiki moja hadi mbili. Siku ya kukichukua, kiweke juu ya kioo au meza iliyonyooka: kikitikisika, sakafu imepinda. Kisha mimina maji ndani. Yakibaki madimbwi pembeni, mizizi itaozea hapo hapo.

Glezi ipakwe nje na ishuke ndani ya ukingo sentimita 1 au 2 tu. Ndani kote pabaki udongo mtupu, mizizi ipate pa kushika. Juu ya miguu iachwe milimita 5, maana glezi ikitiririka hugandisha chungu kwenye rafu ya tanuri. Mchomo wa kwanza, kabla ya glezi, huwa karibu nyuzi 1,000. Ukiwa hafifu, gesi iliyobaki hutoka kwenye mchomo wa pili na kuacha vitundu kama vya sindano. Mfinyanzi anayependa majivu ya kuni anaweza kuanza na sehemu 2 za majivu yaliyochekechwa, 2 za feldispa (unga wa madini ya mwamba) na 1 ya udongo, kwa nyuzi zinazokaribia 1,280. Majivu hutofautiana kuni hadi kuni, kwa hiyo dai kipande cha majaribio kilichochomwa kikiwa kimesimama, uone inavyotiririka. Oksidi ya chuma hutoa kahawia, shaba kijani, kobalti buluu. Misonobari na mierezi huvaa vizuri kahawia isiyo na glezi. Bogenvilia na mkomamanga ndiyo miti ya kuvalishwa glezi ya rangi.

Ya pili ni vyungu vya Tokoname, mkoa wa Aichi nchini Japani, mji uliofinyanga kwa karne nyingi. Udongo wake mwekundu wa kahawia ni mgumu, miguu imenyooka, na wengi wa wafinyanzi wake hugonga muhuri chini. Tunavishusha nafasi moja kwa sababu ya gharama ya usafiri na hatari ya kuvunjika njiani. Kwa Mswahili anayelea miti Ulaya au Amerika ya Kaskazini, ambako vinapatikana kwa urahisi zaidi, tungevipandisha. Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, na chungu kilichonyonya maji hupasuka baridi ikifika. Anayeishi nyanda za juu kama Makete au Kinangop, ambako umande huganda usiku wa baridi, alizingatie hilo pia.

Ya tatu, vya China. Yixing, mkoani Jiangsu, ina udongo wa zambarau unaosifiwa kwa haki, ila si kila kinachotoka China kimetoka Yixing. Vingi ni vya kumiminwa kwenye kalibu. Vikague, uepuke chenye tundu moja dogo, glezi hadi ndani, au ukingo uliojikunja kwa ndani. Ukingo wa namna hiyo hukulazimu kukata mizizi ovyo siku ya kubadilisha udongo.

Ya nne, vyungu vya asili vya moto wa wazi, kama vya Wakisi vinavyouzwa Matema kando ya Ziwa Nyasa. Ni kazi ya heshima, lakini vimeumbwa kwa maji na kupikia. Chini ni mviringo, na kuta hunywa maji. Kwa waridi la jangwani, linalooza kwa unyevu, kunywa huko ni faida kubwa. Loweka chungu usiku mzima, kilaze juu ya mchanga mbichi, toboa kwa keekee ya ukuta bila mtindo wa nyundo. Epuka maji ya kisima yenye chumvi, kwa sababu chumvi hukauka ndani ya vinyweleo na kubandua uso wa chungu.

Vya saruji tunaviweka mwisho: ni vizito, na vikiwa vipya hutoa chokaa inayofanya udongo kuwa na alkali. Ukilazimika, kiloweke wiki mbili ukibadilisha maji kila siku mbili.

Kimoja tusingenunua kwa bei yoyote: kile ambacho glezi yake inabanduka vipande vyenye makali ukingoni. Glezi na udongo wake havikupatana kusinyaa, na itaendelea kubanduka huku ukiukata mkono kila unapopogoa.