Rangi ya ukuta wa nje: ipi ununue ukijenga Kisumu, Kakamega au Nakuru

Ukiingia hadwea ukaulizia rangi ya nje, utaulizwa kwanza kama unataka krimu au kijivu. Ingefaa uulizwe ukuta wako unanywa maji kutoka wapi. Kakamega hunyesha karibu mwaka mzima, Kisumu kuna jua kali na unyevu wa ziwa, na unyevu mwingine hupanda polepole kutoka msingini. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: rangi izuie mvua kuingia, lakini iuache unyevu uliomo ukutani utoke.

1. Akriliki ya nje. Hii ndiyo ningenunua bila kusita. Ni rangi ya maji, huvutika kidogo ukuta unapopata joto na kupoa, na hupumua. Ni ghali, na muuzaji atakuonyesha ndoo nyingine ya nusu bei. Soma ndoo yenyewe: itaje akriliki, na itaje matumizi ya nje. Chagua rangi isiyokolea, maana nyekundu na buluu zilizokolea hufifia upande unaopigwa na jua la alasiri, na baada ya muda nyumba inakuwa na sura mbili.

2. Rangi ya chengachenga, ile ambayo mafundi wengi huiita Ruff n Tuff hata ikiwa ya kampuni nyingine. Huficha plasta iliyopigwa vibaya na nyufa nyembamba kama unywele. Kwenye nyumba yenye plasta mbovu ningeipandisha iwe ya kwanza. Lakini inakula rangi: lita moja hufunika eneo dogo zaidi kuliko ambalo akriliki ya kawaida ingefunika. Nakuru hushika vumbi, na upande wenye kivuli hugeuka kijani upesi. Siku ukiichoka, kuibandua ni kazi ya patasi. Na kama umejenga kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ufa unaopitisha ncha ya kisu ni habari ya msingi, wala hakuna rangi ya kuuponya.

3. Chokaa au rangi ya simenti. Watu huzidharau, ila kwa ukuta wa uani, stoo au nyumba ya matofali ya kuchoma huko kijijini zinafaa kabisa. Hupumua kuliko zote, na bei yake haitishi. Ukiegemea ukuta wa chokaa shati linachafuka, na itabidi upake tena mara kwa mara.

4. Silk, yaani rangi ya maji yenye mng'ao laini. Ndani ya nyumba inapendeza. Nje, inunue tu kama ndoo inasema ndani na nje, na uipake chini ya veranda. Mng'ao wake huonyesha kila wimbi la plasta jua likiwa upande.

5. Emalshoni ya bei ya chini. Ni ya dari na vyumba. Ukiipaka nje, baada ya misimu michache unapitisha kiganja ukutani na kinatoka cheupe kama cha mwalimu aliyeshika chaki.

6. Glosi ya mafuta. Iache kwa milango na grili. Ukutani huziba, unyevu unakosa njia, na utaona malengelenge yenye maji ndani.

Sasa maandalizi, ambayo ndiyo hukatwa bajeti ikibana, ilhali rangi nzuri juu ya ukuta mbovu hubanduka pamoja na ule ubovu. Plasta mpya iache wiki nne ikauke. Alikali ya simenti mbichi huunguza rangi na kuacha mabaka. Kujua kama iko tayari, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu, uzibe pande zote, ulale. Asubuhi ukikuta matone nyuma yake, subiri. Unga mweupe wa chumvi unafutwa kwa brashi kavu, wala si kwa maji, kwa sababu maji huirudisha ndani. Kijani na ukungu pakaa jiki iliyozimuliwa, sehemu moja kwa tatu za maji, acha robo saa, kisha suuza vizuri. Nyufa zipanue kidogo kwa kisu na uzizibe kwa fila ya nje iliyotengenezwa kwa simenti nyeupe. Fila ya jipsamu ni ya ndani, ikinyeshewa inalainika. Kisha piga msasa, na upake andakoti inayostahimili alikali. Usikubali fundi akwambie koti la kwanza lililozimuliwa linatosha badala yake.

Chini, pale mvua hurusha udongo mwekundu, wengi hupaka ukanda wa rangi nyeusi ya lami. Unafaa, lakini ujue hutaweza kuugeuza krimu baadaye kirahisi: lami hupenya rangi ya maji na kutoa madoa ya kahawia.

Hesabu ya kununua ni hii. Nyumba yenye mzunguko wa mita 40 na kimo cha mita 3 ina mita za mraba 120. Toa 20 za milango na madirisha, zibaki 100. Kwa plasta ya kawaida kadiria mita za mraba 8 kwa lita, makoti mawili, unapata lita 25: nunua ndoo moja ya 20 na galoni mbili za lita 4, ibaki akiba kidogo. Nunua zote siku moja, namba ya mchanganyiko ikiwa ileile, na uzimimine pamoja kwenye pipa kabla ya kuanza. Ndoo zifunguliwe ukiwepo. Kuna kampuni zinazomtuza fundi kwa kutumia rangi zao, kwa hiyo pendekezo lake lisikilize ukijua hilo.

Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Pakeni asubuhi, mkifuata kivuli, na Kakamega muwe mmeshuka ngazi kabla ya mvua ya alasiri. Mnaokaa karibu na ziwa, zimeni taa za nje usiku ule: wadudu wa ziwani hufuata mwanga kwa mawingu, na wakinasa kwenye rangi mbichi utawasugua kwa msasa mmoja mmoja.

Rangi itakayobaki ifunike vizuri, uandike kwenye kifuniko namba ya rangi na upande wa nyumba ilikopakwa.