Technics SL-1200G, Linn LP12 na Rega Planar 10: mashine tatu za santuri za daraja la juu

Anayetafuta mashine ya santuri ya daraja la juu hukutana kwanza na wataalamu wasiokubaliana hata katika jambo la msingi: mashine iwe nzito au nyepesi, isimame imara juu ya miguu yake au ielee juu ya springi. Mashine tatu ninazozilinganisha hapa, yaani Technics SL-1200G ya Japani, Linn Sondek LP12 ya Uskoti na Rega Planar 10 ya Uingereza, zimetokana na majibu matatu tofauti ya swali hilo. Nimezisikiliza kwa katriji (kifaa kidogo chenye sindano, kinachogeuza mtikisiko wake kuwa umeme) ya aina moja na amplifaya ileile, kwa sababu bila hivyo mtu hujikuta akisifu sindano huku akidhani anasifu mashine.

Mashine ya santuri ina wajibu wa mambo matatu tu: kuizungusha santuri kwa mwendo usioyumba, kuishika sindano mahali pake, na kutoongeza mtikisiko wake yenyewe. Wajibu huo wa tatu ndio unaogharimu. Katriji ya koili inayocheza, yaani ambayo sindano hutikisa koili ndogo za waya kwenye sumaku, hutoa umeme ambao kwa kawaida hauzidi nusu ya milivolti, na kwa kuwa umeme huo hukuzwa maelfu ya mara kabla ya kufika kwenye spika, mngurumo wowote wa beringi au mtetemo wa mota uliopenya hadi kwenye sindano hukuzwa pamoja nao.

Kipimo ninachokiamini kuliko vingine ni wimbo wa mwisho wa kila upande. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hupita chini ya sindano kwa mwendo wa takriban sentimita 50 kwa sekunde sindano ikiwa ukingoni, lakini karibu na lebo mwendo huo hushuka hadi sentimita 21 hivi, kwa hiyo sauti ileile hulazimika kuandikwa katika nafasi isiyofika nusu. Zaidi ya hayo, mkono wa kawaida unaobeba katriji, ambao huzunguka kwenye egemeo moja, hulingana barabara na mfereji wa santuri katika sehemu mbili tu za upande mzima. Kwingineko sindano hukaa mshazari kidogo. Muuzaji anayeonyesha mashine yake kwa wimbo wa kwanza peke yake hajaonyesha kitu. Mwombe asogeze mkono hadi mwishoni, usikilize kama herufi za s katika sauti ya mwimbaji zinakwaruza, kisha aweke muziki wa piano wenye noti ndefu, kwa maana noti ya piano inayotiririka bila kutetereka ni ushahidi kwamba mwendo wa sahani inayobeba santuri umetulia.

Kwa kipimo hicho cha piano, Technics iliziacha nyingine nyuma. Kampuni hiyo ilitoa SP-10, mashine ambayo sahani yake ilizungushwa na mota moja kwa moja bila mkanda, mwaka 1970, na SL-1200 ya kwanza ikafuata mwaka 1972. Mashine hiyo ilipendwa mno na madijei, na nadhani mapenzi hayo yaliwafanya wapenzi wengi wa muziki wa nyumbani waidharau bila haki. Uzalishaji ulisimama mwaka 2010, kisha SL-1200G ikatoka mwaka 2016 ikiwa na mota mpya isiyo na kiini cha chuma, ili kuondoa mishtuko midogo ya mzunguko iliyokuwa lawama ya zamani dhidi ya mota za namna hii. Sahani yake ni ya shaba nyeupe, alumini na mpira vilivyounganishwa pamoja, na mkono wake wa magnesi unaweza kupandishwa na kushushwa kwa kuzungusha pete, jambo linalomfaa sana mtu anayebadilisha katriji mara kwa mara. Besi yake ni kavu na inasimama mahali pake. Katika sauti za waimbaji, hata hivyo, niliona ubaridi kidogo ambao zile nyingine mbili hazina.

Rega imekwenda njia iliyo kinyume kabisa. Hoja yake ni kwamba uzito hutunza mtetemo na kuurudisha kwenye muziki umechelewa, kwa hiyo kitako cha Planar 10 kimechongwa hadi kubaki kama mifupa, kikiwa na povu jepesi na gumu katikati, huku sahani ikiwa ya kauri na mota ikipewa umeme kutoka kisanduku cha pembeni. Hapa sauti ya mtu husikika ikiwa karibu na yenye uhai, na fidla huanza na kukoma kwa wepesi ambao sikuupata kwa Technics. Kasoro yake inaudhi: mkono hauna njia ya kurekebisha kimo, hivyo mwenye katriji ndefu kupita kiasi cha kampuni hulazimika kuweka vipande vya kuinulia chini ya mkono. Kwa mashine ya bei ya namna hii, naona huo ni ubahili.

LP12 imekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na fahari yake ni kwamba sehemu mpya huingia katika mashine za zamani. Beringi ya Karousel ya mwaka 2020 ni mfano mmoja. Sahani na mkono hukaa juu ya springi tatu, na zikipangwa vizuri muziki hupata mdundo unaomfanya msikilizaji asahau kuchambua. Neno zito hapo ni "zikipangwa". Sakafu ya mbao inayonesa humsumbua mwenye LP12, na fundi anayeijua mashine hii si wa hiari. Asiye na fundi wa kumwamini aiache.

Uchaguzi wangu kwa walio wengi ni Technics, kwa sababu inavumilia zaidi chumba, katriji na mikono ya mwenyewe. Anayesikiliza hasa waimbaji, na ambaye yuko tayari kubaki na katriji zinazoendana na mkono wa Rega, atafurahi zaidi na Planar 10.

Mashine yoyote kati ya hizi ikishanunuliwa, kubaki na katriji isiyolingana na mkono ni kuitupa fedha. Uzito wa mkono na ulaini wa sindano huzaa mtetemo wao wa asili, na mtetemo huo unatakiwa uangukie kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 8 na 12: juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda, chini ya besi inayosikika. Mkono mzito wenye sindano laini huushusha mno, na koni za spika huonekana zikienda mbele na nyuma hata pasipo muziki. Dalili hiyo ikionekana dukani, omba katriji nyingine kabla ya kulaumu mashine.