Kitabu cha picha cha mtoto anayetaka kuwa kauboi: uzoefu wangu

Nilimnunulia mwanangu wa miaka mitano kitabu hiki baada ya kumpeleka Fort Worth Stockyards, hapa Texas, ambako ng'ombe wenye pembe ndefu huswagwa barabarani saa tano na nusu asubuhi na saa kumi jioni, huku watalii wamejipanga kandokando. Tangu siku hiyo akawa anasema atakuwa kauboi, ingawa kwa kweli alichokitaka ni kofia.

Hadithi ni fupi. Mtoto wa mjini analala na kuota yumo katika msafara wa kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi Kansas, kama ilivyokuwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Nilichokipenda ni kwamba bastola hazina nafasi kubwa humu. Kinachochorwa ni kazi. Tunaona vumbi linalowameza wanaofuata nyuma ya kundi, mpishi anayeamka kabla ya wenzake kukoka moto kando ya mkokoteni wake, na, katika ukurasa ulionigusa kuliko yote, zamu ya usiku, ambapo kauboi analizunguka kundi akiimba polepole ili ng'ombe wasishtuke na kutimka. Uimbaji huo si chumvi ya mwandishi, kwani ndivyo walivyofanya.

Kwa kuwa nyumbani tunasomeana kwa Kiswahili, huwa natafsiri papo hapo. Nilipolifikia neno kauboi nikasema "mchunga ng'ombe", naye akanikatiza: "Kama babu?" Babu yake anafuga Shinyanga, na huchunga kwa miguu, fimbo mabegani. Nikamwambia ndiyo, kama babu. Maswali yaliyofuata kuhusu kwa nini babu hana farasi yalichukua muda mrefu kuliko kitabu chenyewe.

Lalamiko langu kubwa ni sura za watu. Mweusi ni mmoja tu, tena amechorwa kwa mgongo, ilhali wanahistoria wengi hukadiria kwamba takriban kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Nat Love, aliyezaliwa utumwani Tennessee mwaka 1854, aliyasimulia maisha yake ya ukauboi katika kitabu alichokichapisha mwaka 1907. Wachunga ng'ombe wa Mexico hawaonekani kabisa, nao ndio waliowarithisha kauboi kamba ya kitanzi na ufundi mwingi wa kazi hiyo. Nashangaa mchoraji aliyejali hadi vifungo vya tandiko aliwezaje kuwasahau.

Maelezo kwa wazazi, mwishoni, ni mazuri: kwa aya moja yanaonyesha jinsi seng'enge na reli zilivyoimaliza misafara hiyo katika miaka ya 1880.

Nakala yangu ni ya jalada laini, na gundi iliachia katika wiki ya pili, hivyo anayenunua atafute yenye jalada gumu. Mimi mwenyewe nimeagiza nyingine, kwa sababu mwanangu anataka hii iliyobanduka ipelekwe kwa babu.