Mhadhiri au akili unde: nani asahihishe insha?

Maswali ya kuchagua jibu hayana ubishi, iachiwe mashine. Mzozo uko kwenye insha.

Mhadhiri mwenye lundo la karatasi huchoka; insha ya kwanza na ya themanini hazisomwi kwa jicho lilelile. Programu haichoki, na maoni yake humfikia mwanafunzi angali anakumbuka alichoandika. Wazo lenyewe si geni, Ellis Page wa Marekani alilitangaza mwaka 1966. Ila programu za kizazi kile zilitegemea mno vitu kama urefu wa insha na ugumu wa msamiati. Mwaka 2014, Les Perelman, Mmarekani aliyepinga usahihishaji wa aina hii, na wanafunzi kadhaa waliunda kifaa cha kutunga upuuzi wenye maneno makubwa makubwa, na programu za kusahihisha zikaupa upuuzi huo alama za juu!

Akili unde ya leo hushika maana vizuri zaidi. Hata hivyo, ipe insha ileile mara mbili, alama zinaweza kutofautiana. Mwanafunzi akikata rufaa, mhadhiri ataeleza alichokiona. Mashine inaweza kutunga sababu papo hapo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 kuhusu akili unde inaihesabu kazi hii ya kusahihisha kuwa ya hatari kubwa. Mimi ningeiachia mashine itoe maoni kwenye rasimu za wanafunzi, alama za mwisho abaki nazo mhadhiri.