Umeendesha pikipiki miaka kumi Arusha au Moshi? Kozi ya kulipia ni hii

Mwendesha pikipiki mzoefu ni mteja mgumu. Ukimwambia akasome anacheka: kwani nimeanza jana? Nilikuwa hivyo hivyo, mpaka masika moja nikishuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi nyuma, ng'ombe akakatiza. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Tairi la nyuma likafunga, pikipiki ikalala ubavu, mimi na ndizi tukaishia kwenye mfereji. Sikuvunjika. Nikakaa pale kwenye tope nikijiuliza ni lini mara ya mwisho nilibana breki ya mbele sawasawa. Sikukumbuka.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kozi, na nikagundua kwamba nyingi zinazouzwa si za mtu kama mimi. Nimezipanga kuanzia ile ambayo ningeilipia kesho asubuhi.

Ya kwanza: siku moja au mbili za vitendo, kwa pikipiki yako mwenyewe. Kazi yake kubwa ni breki ya dharura, kukwepa kitu cha ghafla, na kwenda polepole bila kuweka mguu chini. Kwenye vijiwe vyetu kuna imani kwamba breki ya mbele inapindua, ndiyo maana wengi tunaendesha kama haipo. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi la mbele linashika barabara, la nyuma linabaki jepesi. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kinachoangusha ni kuinyakua ghafla, hasa ukiwa umepinda au uko juu ya kokoto. Inabanwa kwa kuongeza taratibu, na mkono haujifunzi hilo kwa kusikiliza. Unajifunza kwa kurudia mara ishirini, thelathini, mtu akiwa amesimama pembeni na futi ya kupimia.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu meta 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kushtuka tu imeshakula meta 17 kabla mkono haujafika kwenye breki. Na mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unazidi mara nne. Mkufunzi mzuri anakuanzisha kwenye 30, anapanda 40, kisha 50, na kila mara anakuonyesha chini uliposimama. Mimi mara ya kwanza nilipita alama kwa urefu wa daladala nzima. Aibu ile ilikuwa na thamani kuliko ada.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya. Wanafunzi wangapi kwa mkufunzi mmoja? Wakizidi sita, siku nzima utakuwa kwenye foleni. Mazoezi yanafanyika wapi? Kiwanja cha mpira chenye vumbi hakikufundishi breki ya lami, na lami haikufundishi utelezi wa njia za Uru na Old Moshi; ukipata kozi yenye vyote viwili, ishike. Je, utapakia abiria au mzigo? Wewe hufanyi kazi mtupu, basi usijifunze mtupu. Na ukiambiwa utatumia pikipiki ya chuo, kataa. Breki ya dramu ya Boxer yako haishiki kama diski ya pikipiki yao.

Ya pili: mkufunzi anayekufuata barabarani. Anakuja nyuma yako na pikipiki yake saa moja au mbili, kisha mnakaa kibandani kwa chai anakusomea makosa yako. Uingereza polisi wana mpango wa namna hii unaoitwa BikeSafe. Huku wakufunzi wanaofanya hivi ni wachache, lakini mwalimu mzuri wa udereva mwenye pikipiki yake anaweza kukubali mkielewana. Mpeleke kwenye njia yako ya kila siku: soko la Kilombero pale Arusha saa kumi na moja jioni, au njia pana ya Sakina hadi Tengeru inayokuzoesha mwendo hadi unasahau kuangalia vioo. Mimi niliambiwa natazama tairi la gari la mbele badala ya barabara iliyo mbele yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia.

Ya tatu: semina za kijiweni. Askari wa usalama barabarani huja kuzungumza na bodaboda, na ukiwa mwenyekiti wa kijiwe waalike. Utapata sheria, leseni, kofia ngumu, mishikaki (kupakia abiria zaidi ya mmoja). Ni nzuri kwa jumla, ila hakuna atakayeshika breki siku hiyo.

Ya nne: kozi ya msingi ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au shule ya udereva. VETA ina vyuo Arusha na Moshi. Kama huna leseni ya daraja la pikipiki, hii ndiyo namba moja yako, sahau orodha yangu. Kama unayo, utatumia siku nyingi kufundishwa klachi. Kuna mahali nilipokelewa vizuri, nikalipia "kozi ya wazoefu", nikakuta ni darasa lile lile la wanaoanza, cheti tu ndicho kimebadilishwa maneno.

Video za simu siziweki kwenye orodha. Zitazame, lakini video haioni kosa lako.

Kuna wanaosema mzoefu hahitaji chochote. Mwaka 1981 Marekani, Harry Hurt na wenzake walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hizo hawakuwa na mafunzo. Walijifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki. Yaani kama sisi: kaka kakuonyesha gia nyuma ya nyumba, wiki ijayo uko barabarani.

Kuhusu bei, kwa bodaboda gharama halisi ni ada pamoja na hesabu ya bosi ya siku hiyo. Zungumza na bosi mapema. Pikipiki ni mali yake, na wengine hukubali kusamehe hesabu ya siku moja. Mkiwa wanne kijiweni mnaweza kumkodi mkufunzi pamoja na kugawana.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, lami ikiwa kavu, kabla masika hayajaanza Machi. Ukienda kujiandikisha, mwombe mkufunzi apande pikipiki yako, aende 40, asimame mbele yako. Akianza visingizio, rudisha pesa mfukoni.