Santuri Nne za Stock Aitken Waterman: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani nina santuri nne za inchi 12, yaani zile singo kubwa zenye mchanganyiko mrefu wa klabu, wasanii wanne tofauti, na zote zimetoka jiko moja la London: Stock Aitken Waterman, maprodyuza watatu. Tutazichambua kama bidhaa, moja moja.

Kwa vijana ambao hamuwajui: Mike Stock alikuwa mtu wa melodi na mashairi, Matt Aitken wa gitaa na kinanda, na Pete Waterman, DJ wa zamani, alikuwa na sikio la klabu na mdomo wa kuuza. Waliungana 1984, studio yao ikawa Borough, kusini mwa mto Thames, na wakaingiza vibao zaidi ya 100 kwenye 40 bora ya Uingereza. Wakosoaji waliwabeza kwamba ni kiwanda. Waterman, shabiki mkubwa wa Motown, lebo ya Marekani iliyotoa vibao kwa mtindo huohuo wa kiwanda, wala hakuona tusi; wakalibandika jina hilohilo kwenye albamu zao za mkusanyiko!

Tuanze na bendi ya Dead or Alive, "You Spin Me Round (Like a Record)". Ilitoka mwishoni mwa 1984, ikapanda polepole, Machi 1985 ikakaa namba moja, na hiyo ndiyo namba moja ya kwanza ya hawa jamaa. Weka spika zenye besi nzuri, sikia ile besi ya mashine inavyokimbia bila kupumua. Huo ni mwendo wa klabu za mashoga za enzi hizo, ambako ndiko timu hii ilikoanzia. Lakini juu yake yuko mwimbaji wao Pete Burns na sauti nzito, anaimba kama anakutisha. Wimbo bendi waliuandika wenyewe, na unasikia kabisa kwamba mwimbaji hajakubali kumezwa na mashine. Nunua.

Ya pili, Mel & Kim, "Respectable", 1987. Jamani, hii! Dada wawili wa London. Maprodyuza wamechukua kipande kidogo cha sauti yao, wakakikata kwa sampla, mashine ya kunasa sauti na kuirudiarudia, wakakipigapiga kama ngoma mpaka silabi tupu ikawa ndiyo chambo cha wimbo mzima. Hausi, muziki wa dansi wa mashine kutoka Chicago, ilikuwa imeanza kuingia klabu za Uingereza, na hawa waliidaka mapema. Kwenye inchi 12 mchanganyiko unapewa nafasi: ngoma peke yake, kisha besi, kisha sauti zilizokatwa zinarukiana kushoto na kulia. Wimbo unajengwa mbele ya masikio yako. Kati ya hizi nne, hii ndiyo ningekimbia nayo nyumba ikiungua.

Rick Astley mnamjua, hata kama mlimjua kwa ule utani wa intaneti wa kubofya kiungo ukaangukia video yake. Kabla ya umaarufu alikuwa kijana wa kazi palepale studio, chai alikuwa anachemsha. "Never Gonna Give You Up" ikakaa namba moja Uingereza wiki tano, ikawa singo iliyouza kuliko zote huko mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikashika namba moja Marekani. Ngoma zimetoka kwenye Linn 9000, mashine iliyosifika kwa kugoma kugoma. Nyuzi za kinanda, yaani fidla za kuigizwa na mashine, kwa masikio yangu zimechakaa. Zinasikika bei rahisi. Sauti ya kijana ndiyo inayobeba mzigo.

Ya nne, Kylie Minogue, "I Should Be So Lucky". Amefika kutoka Australia, maprodyuza wenyewe wamesahau kwamba anakuja, ikabidi waandike wimbo harakaharaka huku mgeni anasubiri. Ikashika namba moja mapema 1988. Watu wanaiona ya kitoto, ila jaribu kuipiga kwenye kinanda: ubeti na kiitikio haviko ufunguo mmoja wa muziki, na wala hushtuki wanapohama. Huo ni ufundi. Lakini inchi 12 hapa ni kupoteza hela. Wimbo umebana, ukiuvuta unalegea. Tafuta ile ndogo ya inchi 7.

Sasa lawama. Kuanzia 1989 mimi nasikia ngoma zilezile, kinanda kilekile, na mwimbaji anaingizwa mwishoni kama abiria aliyechelewa basi. Donna Summer, malkia wa disko, aliponyoka, kwa sababu koo lile hakuna mashine ya kulizidi. Wengi waliofuata hawakuwa na koo hilo. Aitken aliondoka 1991, Stock 1993.

Kama una hela ya moja tu, chukua Mel & Kim. Usilipe kabla hujaitoa kwenye ganda: hizi santuri zilipigwa sana na madj, na mikwaruzo mingi huwa pale mwanzoni, ngoma zinapoanza peke yake. Iinamishe kwenye mwanga uikague. Na soma lebo ya katikati uone ni mchanganyiko upi, maana singo moja walikuwa wanaitoa kwa michanganyiko kadhaa.