Milimita tatu

Kijana aliyeniuzia kipoza prosesa, yaani kifaa cha kuondoa joto kwenye ubongo wa kompyuta, hapa Lubumbashi aliniambia, mbele ya wateja wengine, "Mama, ile mambo ya masini wachia banaume." Naanza na hilo kwa sababu bado limenikaa kifuani. Nikija kukisifu kifaa chenyewe huko mbele, mjue nimekisifu kwa shida.

Kazi yangu ni kuunganisha video za harusi. Naifanya usiku umeme unapotulia, chumba kimoja na mama yangu mzazi anayelala upande wa pili wa pazia. Feni iliyokuja na kompyuta ni ndogo, upana wake sentimita 9, na ili isukume hewa ya kutosha inabidi izunguke mbio. Ukianza kutoa video ndefu inalia kama mashini ya kusaga mahindi. Mama hakuwahi kulalamika. Alikuwa anageuka tu kitandani, anageuka tena, nami namsikia.

Kiangazi kikaleta vumbi letu jekundu. Nilipofungua kasha la kompyuta, kati ya mapezi ya alumini yaliyo chini ya feni lilikuwa limelala tabaka zito kama blanketi. Joto lilikuwa linafika nyuzi 97, na hii prosesa yangu, Core i5 ya kizazi cha 12, ikigusa 100 inapunguza mwendo yenyewe isiungue. Ndiyo maana kazi zangu zilikuwa zinachelewa na maharusi wananipigia simu. Nikaing'oa feni na mapezi yake, nikaisafisha kwa brashi ya rangi, nikairudisha. Kibano kimoja cha plastiki kikanivunjikia mkononi. Vibano vile viko vinne, ndivyo vinavyokikaza kipoza kwenye ubao mama, ule ubao mkubwa unaobeba prosesa. Kimoja kikikosekana, upande mmoja unainuka na joto halipiti.

Basi nikaenda dukani, na nilikuwa najua ninachotaka. Kipoza cha mnara, kirefu cha kusimama, chenye mabomba ya shaba na feni ya sentimita 12, kwa sababu feni pana inasukuma hewa ileile kwa kuzunguka polepole, na feni ikizunguka polepole haipigi kelele. Cha maji sikutaka, kina pampu, kitu kingine cha kulia na kuharibika. Vipoza vya Noctua, kampuni ya Austria, navijua kwa utulivu wake, ila bei yake si ya mfuko wangu. Nilikuwa nimepima hata upana wa kasha kwa rula ya mtoto, mnara usije ukazuia mlango kufunga.

Kilikuwepo kimoja cha dola 25. Nikasoma kwenye boksi namba za soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye ubao mama: 1150, 1151, 1155, 1156, 1200. Yangu ni 1700. Nikauliza, "Na 1700 iko?" Akanijibu macho yako kwenye simu, "Zote ni moja tu, mama. Inaingiaka."

Haiingii! Soketi zote tano zilizoandikwa pale, kutoka tundu la skurubu hadi tundu ni milimita 75. Ile ya 1700, iliyotoka 2021, ni milimita 78. Skurubu ya kwanza ilikubali, ya pili ikasimama ukingoni mwa tundu, nikaiona kabisa inavyokataa. Nikaacha hapohapo. Ningelazimisha, ubao ungepasuka.

Kesho yake nikarudi. "Ulisha kufungula boksi, haturudishake." Nikamwambia, mwanangu, sitaki pesa, nitafutie tu vibano vya 1700, nitalipia. Hapo ndipo akalitoa lile neno lake la banaume, na watu wawili wakacheka. Mimi mtu mzima, nina mtoto wa rika lake. Nilitoka pale mikono inanitetemeka, na nilikuwa nimeshaamua kuwaambia watu wote kwamba kifaa kile ni takataka.

Sio takataka. Fundi mmoja wa Katuba alikitazama, akakigeuza, akasema kizuri, kimekosa nafasi tu. Akatandika gazeti, akachukua tupa nyembamba, akaanza kuyapanua matundu ya mikono ya chuma inayokishika kipoza: milimita moja na nusu kwenda nje, pande mbili, kila tundu. Halafu yale ya bamba linalokaa nyuma ya ubao. Unga wa chuma ukawa unadondoka kwenye gazeti, yeye anapuliza, anapima, anakwangua tena. Akafuta prosesa kwa alkoholi, akaweka pasta ya kijivu ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya kunde, kisha akakaza skurubu kwa mshazari, kidogo huku, kidogo kule. Ilichukua mchana mzima. Kazi ambayo kiwandani ingekuwa vipande viwili vya chuma ndani ya boksi!

Usiku ule nilitoa harusi nzima. Joto halikuvuka 70. Nilisikia mende akitembea juu ya karatasi. Katikati ya kazi mama akaniuliza kutoka nyuma ya pazia, "Umeme umekatika?" Nikamwambia hapana mama, ninafanya kazi. Akanyamaza, na hakugeuka tena mpaka asubuhi.

Kwa hiyo kipoza nilikuwa nimekipa nyota mbili, nimefuta, nakipa tano. Hapana, nne, kwa sababu si kila mtu ana fundi mwenye subira ile, na wewe usiye naye usikubali kununua kabla hujaiona namba ya soketi yako imeandikwa kwenye boksi. Kijana naye, pengine hakujua. Lakini kama hakujua si angesema hajui? Mimi ningengoja, ningeagiza kwingine.

Duka lile sirudi. Labda aniombe radhi mbele ya watu, kama alivyonidharau mbele ya watu. Akifanya hivyo nitanunua kwake feni ya kutoa hewa nyuma ya kasha, maana naihitaji kabla joto la Oktoba halijaingia.